Tela la Kitanda cha Mama Mkwe

Mie ni mtu wa nyumbani. Nikisema hivyo watu hudhani najisifu kwamba naipenda familia yangu. Naipenda, lakini ninachomaanisha ni kwamba napenda kochi. Kutoka kwangu Goba kwenda Kunduchi kununua samaki napanga kama mtu anayekwenda kuhiji, na nikirudi naomba nisisemeshwe mpaka jua lizame. Mke wangu huwaambia wageni kwamba alipoolewa alipewa mume na kochi, na mpaka leo hajajua kipi kimemkalia mwenzake.

Kwa hiyo siku mama mkwe alipokubali kuhamia kwetu, likaja swali la nani atakwenda kumchukua Chanika, kila mtu nyumbani alinitazama mimi, na mimi nikalitazama kochi.

Mama mkwe alikuwa akiishi peke yake huko Chanika tangu baba mkwe atangulie mbele za haki. Nyumba yake, mihogo yake, kuku wake. Masika ya juzijuzi akateleza bafuni, akakaa sakafuni hadi jirani alipopita kuomba chumvi. Alitusimulia mambo hayo baadaye kama kichekesho, akimsifu jirani kwa kuishiwa chumvi. Mke wangu hakucheka. Kuanzia hapo kila simu aliyompigia mama yake iliishia kwenye kubembeleza, na kila kubembeleza kuliishia kwenye jibu lilelile: "Nije kwenu nilale wapi? Juu ya hivyo vitanda vyenu vya ubao mwepesi?"

Mwisho akakubali kwa sharti. Atakuja na kitanda chake cha chuma, kile alichozalia watoto wake wote na kumuuguzia mumewe. Na atakiona kwa macho yake njia nzima. "Kikifika kizima, nakaa. Kikivunjika njiani, hiyo ni ishara, na mtanirudisha kwangu siku hiyohiyo."

"Siku hiyohiyo," mke wangu akarudia alipokata simu. Alisema taratibu, kama mtu aliyebeba trei la mayai.

Nilipendekeza kukodi kenta, lori dogo. Mama mkwe akasema hawezi kubanana na wanaume asiowajua kwenye kabini huku kitanda chake kikiwa nyuma hakioni. Likabaki tela, nyuma ya gari letu, naye akae kiti cha nyuma ageuke akitazame apendavyo. Gari letu ni la juu, kuukuu, na nyuma lina kile chuma cha kukokotea ambacho mwenye gari wa kwanza alikifunga. Mie nilikuwaga naanikia matambara.

Hapa inabidi nieleze jambo moja, maana bila hilo hutaelewa jinsi watu wazima watatu walivyokaribia kuingia mtaroni kwa ajili ya heshima. Huko kwao mke wangu, bara, mkwe na mama mkwe hawasemeshani moja kwa moja, hawatazamani usoni, hawakai bega kwa bega. Na kitanda cha mama mkwe, mkwe hakigusi. Hata kukitaja hakitaji. Mie nimekulia Temeke, ambako mama mkwe anaweza kukuita kutoka upande wa pili wa barabara umbebee ndoo. Lakini nilioa, nikafundishwa, nikafuata. Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kusikia neno la mama mkwe lililoelekezwa kwangu. Yote yalipita kwa binti yake, hata tukiwa chumba kimoja.

"Mwambie mama shikamoo."

"Mwambie mumeo marahaba."

Tumezoea. Ni kama kuishi na mkalimani asiyelipwa.

Tela nililiazima kwa mzee wa duka la vifaa vya ujenzi, pale chini ya mlima wetu. Familia yake ni Waarabu wa zamani wa pwani, wameuza misumari tangu Goba ikiwa mikorosho mitupu, na mzee mwenyewe huwa haazimishi kitu bila kukufanyia usaili. Alinipeleka na tela tupu kwenye uwanja wa mpira, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa chini juu, akaniambia nirudi nyuma.

Nilikata usukani kulia, tela likaenda kushoto. Nikakata kushoto, likaenda kulia, likajikunja hadi likataka kubusu mlango wangu.

"Mashallah," akasema mzee. "Endelea, mwanangu. Bado goli la upande wa pili hujaligonga."

"Mzee, kurudi nyuma nitaepuka kabisa. Nitakuwa naenda mbele tu."

"Hata mauti huja kwa mbele." Akainuka, akaja dirishani. "Sikiliza. Ukishalifunga hili, wewe si gari tena. Wewe ni treni. Treni haikati kona kwa papara, haishindani na bodaboda, haisimami papo hapo. Mwenzako wa mbele mwachie nafasi mara mbili ya ile unayomwachia siku zote."

"Sawa, mzee."

"Unamwachiaga nafasi siku zote?"

Nikalitazama goli. Akanishusha, akanionyesha minyororo miwili inavyopishana chini ya kiungo ili kiungo kikichomoka tela lisikimbie, akanionyesha waya wa taa, akapiga teke matairi. Kisha akapiga kofi sehemu ya mbele ya tela, mbele ya ekseli. "Uzito hapa. Si wote, ila mwingi. Pua ya tela iinamie gari kidogo. Ukiweka uzito mkiani, mwenye gari atakuwa tela, na wewe utakuwa abiria."

"Na likianza kuyumba?"

"Likicheza, usicheze nalo. Toa mguu kwenye mafuta, nyoosha usukani, tulia. Breki usiikanyage kwa hofu. Likishapoa, tafuta pa kusimama. Wala usione aibu kusimama."

Nilimwitikia kama mtu anayeitikia dua. Sekondari nilisoma fizikia hadi kidato cha nne, nikakumbuka mwalimu akichora mizani ubaoni, rula na jiwe. Nikajiona mtaalamu. Nikarudi nyumbani kupumzika.

Jumamosi tulifika Chanika asubuhi, tela tupu likigonga kila tuta kama sufuria iliyofungwa mkiani mwa paka. Vijana wa majirani walikuwa tayari wamejipanga kupakia. Mimi nikawekwa barazani na chai, mgongo ukielekea mlangoni, ili kile nisichotakiwa kukiona kikitoka nisikione.

Na kilitoka mwisho. Mama mkwe alisema kitanda kikitangulia kutoka nyumbani kinakuwa kama cha maiti, hivyo kwanza vitoke vingine vyote. Godoro, viti vya plastiki, ndoo, mabeseni, marobota ya nguo. Vyote vyepesi, vyote vikasukumwa hadi mbele ya tela, kama abiria wanaoambiwa wasogee mbele. Kisha cherehani ya miguu ya chuma na jiwe la kusagia. Mwisho kabisa kitanda, kizimakizima, maana nati zake zilishashikana kwa kutu. Wakakisimamisha mkiani kama geti na kukifunga kamba kwa upendo mkubwa.

Niligeuka ndipo nikaona. Pua ya tela ilikuwa imenyanyuka inanusa mawingu.

Nikamvuta mke wangu pembeni. "Mwambie mama uzito wote umelalia nyuma. Inabidi tupange upya."

"Mbele ya majirani zake? Nimwambie kitanda chake kimekaa vibaya?"

"Simwambii kimekaa vibaya. Namwambia fizikia."

"Mume wangu." Alinishika mkono. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, ufunguo mkononi, akiitazama ile nyumba kwa jicho la mtu anayetafuta sababu. "Amefunga mlango. Ukisema neno moja tu, ataufungua. Twende taratibu, tutafika."

Nikakubali. Naomba ieleweke kwamba nilikubali kwa moyo wa mtu anayependa amani, moyo uleule uliolifanya kochi kuwa rafiki yangu.

Mama mkwe aliingia nyuma, upande uleule wa dereva, mgongoni kwangu kabisa, tusionane. Mke wangu mbele. Jogoo, peke yake aliyepata nafasi kati ya kuku wote, ndani ya tenga kwenye buti. Sijatia gia, sauti ikatoka nyuma:

"Mwambie mumeo hicho kioo kinanitazama."

Mke wangu akanitazama, mimi nikatazama kioo cha katikati, na kweli ndani yake niliona pembe ya kilemba chake. Nikakiinua. Kuanzia hapo kioo kikanionyesha dari ya gari langu, ambayo ilihitaji kufuliwa. Vya pembeni vilinionyesha barabara na wapiga honi. Tela lenyewe, pamoja na mkia wake mzito, lilikuwa halionwi na mtu yeyote ila mama mkwe, ambaye alikuwa ameweka kiwiko juu ya kiti na kugeuka kulitazama, kama alivyoahidi.

Kwenye tambarare mambo yalikwenda vizuri. Niliendesha kama bibi harusi anavyotembea. Bodaboda walinipita, bajaji wakanipita, mzee mmoja wa baiskeli yenye mkaa alinipita na kunisalimu. Mke wangu akaanza kulegea mabega. Dada yake akampigia simu, wakaanza: ndo tumetoka, ee, naye yumo, ee, kitanda kipo.

Kisha tukafika mteremko wa Pugu.

Mteremko ule nimeupita mara nyingi bila kujua ni mteremko. Siku hiyo niliujua. Gari likaanza kwenda lenyewe, basi kubwa likatupita kwa kasi, upepo wake ukatupiga ubavuni, na nyuma yangu nikahisi kitu nisichowahi kukihisi: mtu ameshika shati langu mgongoni analivuta kulia, halafu kushoto, halafu kulia zaidi.

"Mwambie mumeo," mama mkwe akasema.

"Subiri kidogo, mama, dada yuko hewani."

"Mwambie mumeo, nasema."

"Dada, hebu ngoja. Nini, mama?"

Mama mkwe akasogea mbele. Halafu ikaja sauti nyuma ya shingo yangu, tulivu, karibu sana, ambayo nilikuwa sijawahi kuisikia ikisema nami tangu siku ya mahari.

"Mkwe. Tela linataka kutupita."

Sitaki kudanganya. Kilichonitisha kwanza si tela. Ni kusemeshwa. Mguu wangu ulishanyanyuka kuelekea breki kwa ule mshtuko, na ukabaki hewani, maana hapohapo nikamsikia mzee wa duka na ndoo yake: likicheza, usicheze nalo. Mafuta sikuyarudia, breki nikaiacha. Nikashika usukani kwa mikono miwili, nikautazamisha katikati ya upande wetu wa barabara, nikajizuia kufuata ile mivuto, kulia, kushoto. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya nikiwa nimekaa, na kazi zangu nyingi nazifanyaga nimekaa. Mbele lori lilikuwa linapanda likija. Mke wangu aliweka simu mapajani bila kuikata na kuanza kumwita Yesu kwa sauti ndogo, ili asinisumbue.

Gari likapungua. Mvuto ukaja tena, mdogo. Ukaja mwingine, mdogo zaidi. Lori likatupita. Kisha tela likanyooka nyuma yetu kama mtoto aliyeonyeshwa fimbo, na ndipo nikaikanyaga breki kidogokidogo mpaka chini ya mteremko, palipo sawa, pembeni ya mahali mama mmoja anapouza miche.

Nikawasha taa za tahadhari. Wa kwanza kuongea alikuwa jogoo, aliyewika ndani ya tenga kama aliyekuwa akisubiri ruhusa. Simuni, dada bado alikuwa anauliza kitanda kimefika wapi.

"Mwambie mumeo," mama mkwe akasema, amerudi kwenye taratibu zake kana kwamba hakuwahi kuzitoka, "tela lake lina nini."

"Mwambie mama uzito uko nyuma. Vile vizito inabidi vije mbele."

"Mwambie mumeo, vizito vipi."

"Mwambie mama, jiwe. Na cherehani. Na..." Nilikohoa. "Na kile."

"Kile kipi?" Huyu alikuwa mke wangu, ambaye alijua vizuri kabisa. Nadhani ilikuwa njia yake ya kushukuru kwamba bado tunaishi.

"Kile kirefu. Cha chuma."

Tulishuka. Muuza miche alikuja kutazama, akasema kweli mzigo umekaa ovyo, ila yeye mgongo wake ulishakatazwa na daktari. Pembeni hapakuwa na mwanamume mwingine. Mke wangu alijaribu kunyanyua kitanda upande mmoja, kikamnyanyua yeye. Akasimama akihema, akanitazama, akamtazama mama yake. Nikajua anachokiwaza. Nikikigusa, mama ataona tumemvunjia heshima, atarudi Chanika, na sakafu ile ya bafuni bado ipo. Nisipokigusa, tutapanda na kushuka milima ya Goba na hili tela likitaka kutupita.

Mama mkwe alitutazama mmoja baada ya mwingine, mimi akinitazamia viatuni. Kisha akafungua kanga aliyojifunga juu ya gauni, akaikung'uta, akaizungushia ile nguzo ya kichwani mwa kitanda, akaibana vizuri kama anayemvika mtoto.

"Mwambie mumeo ashike kanga," akasema. "Kilichomo ndani ya kanga yeye hakijui."

Nikashika kanga. Maandishi yake sikuyasoma, nisije nikapewa ujumbe usio wangu. Tukashusha vyepesi vyote kando ya miche, tukalaza hicho nisichokijua chini kabisa, urefu wa tela. Katikati yake, kwa mbele, tukaweka jiwe na cherehani, kisha godoro na mabeseni yakaja juu na nyuma. Nikazikaza kamba. Pua ya tela ikainama kwa gari, kidogo, kwa adabu.

Hapo ndipo mke wangu alipoona jambo. Nguzo nne za kitanda kile kila moja ina kirungu cha shaba juu. Tatu zilikuwa navyo. Moja haikuwa nacho.

Aliweka kiganja pale juu ya nguzo tupu, kama anayeziba tundu la maji. Mama yake akaona kiganja.

"Toa mkono," akasema.

"Mama, kitakuwa kimedondoka pale mlimani tu. Tutarudi tukitafute, sasa hivi, mume wangu atarudi..."

"Mumeo akirudi nyuma na hilo tela tutalala hapa." Nikagundua kwamba mzee wa duka na mama mkwe wangu wangeelewana. "Hicho kilipotea hujaanza shule. Ulimrushia bata, kikaenda kisimani. Baba yako alikucharaza, umesahau?"

Mke wangu alikaa juu ya ukingo wa tela akacheka mpaka machozi yakamtoka. Muuza miche naye akacheka bila kujua kisa. Nikanunua mche wa ndimu kwa furaha tu.

Tulipoingia garini, sauti ikatoka nyuma. "Mwambie mumeo akirudishe kioo. Atazame tela, mimi asinitazame." Kwa uhakika zaidi, akahamia upande wa pili na kujifunika ile kanga hadi puani.

Kutoka pale hadi Gongo la Mboto, Segerea, Kinyerezi, Malamba Mawili, kote nilimwachia wa mbele nafasi ambayo bajaji ziliigeuza kituo. Sikujali. Kwenye kona nilichukua nafasi pana, kwenye matuta nilipita kama ninayeingia msikitini na viatu mkononi. Mlima wa mwisho wa kwetu, ule wa udongo, niliupanda kwa gia ya kwanza tangu chini, bila kuibadili, huku mzee wa duka akiwa amesimama barazani kwake akitutazama. Hakupunga mkono. Alitazama pua ya tela, akatikisa kichwa kukubali, akavaa kofia yake na kutufuata kwa miguu. Alitukuta getini bila shida, kwa sababu tela lilitakiwa kuingia kinyumenyume na mimi nilikuwa tayari nimelielekeza uani kwa jirani.

"Lifungue," akaniambia, "lisukumwe kwa mikono. Ukuta wa watu huo."

Likasukumwa. Kitanda kikabebwa ndani na mzee wa duka upande mmoja na mke wangu na jirani upande wa pili, kwa kuwa mzee pale hakuwa mkwe wa mtu. Mimi nikaenda kwenye kochi. Kochi peke yake ndilo lingenielewa.

Nilisikia kitanda kikiburutwa kwenye sakafu ya chumba cha pili. Nikasikia kikisogezwa ukutani, kikitolewa ukutani, kikirudishwa. Godoro likatupwa juu. Kisha ukaja mlio wa chuma cha zamani kikipokea mtu anayekaa taratibu, halafu mtu huyohuyo akiinua miguu.

"Mwambie mumeo kimefika," mama mkwe akasema.

Mke wangu akatoka, macho mekundu, akakaa kwenye mkono wa kochi.

"Umesikia?"

"Sijasikia. Niambie."

"Mama anasema kimefika."

"Mwambie mama asante."

Akainuka kwenda kumwambia. Mlango ulikuwa wazi na sote tulikuwa tunasikiana, lakini akaenda.